Shajara ya macho ya Popi: tulivyoamua kuhusu mtoto wa jicho

Popi ni mbwa wetu jike, wa kienyeji, mwenye miaka 9. Tunaishi Tengeru, nje kidogo ya mji wa Arusha. Mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani, na Popi amelala chini ya meza yangu ya kukatia tangu alipokuwa anaenea kwenye kapu la vitambaa. Macho yake yalipogeuka meupe nilitafuta maelezo ya Kiswahili ya mtu aliyeipita njia hii, nikakosa. Ndiyo sababu naandika. Bei ni za shilingi za Tanzania, pale ambapo ni za Kenya nitasema. Siku zisizo na jipya nimeziruka.

14 Januari 2024: Sisimizi

Aliyegundua ni mama yangu. Alikuwa anafagia uani asubuhi akaona sisimizi wamejipanga mstari mpaka pale chini ya mparachichi ambapo Popi hukojoa. Akasimama na ufagio wake, akaniita. "Mwanangu, huyu mbwa ana sukari. Baba yako alianza hivi hivi."

Nilikuwa nimeona dalili nyingine bila kuziunganisha. Bakuli la maji nililokuwa najaza mara moja kwa siku sasa lilikuwa linaisha mara tatu. Alikuwa anakula kuliko zamani na mbavu zinahesabika. Daktari wa mifugo alimtoboa pembeni mwa sikio, tone moja tu: sukari 24.6 (milimoli kwa lita). Mbwa mzima huwa kwenye 4 hadi 6 hivi. Uzito ulikuwa kilo 14, kutoka 17.

Jambo ambalo sikulijua kabisa: mbwa jike ambaye hajatolewa kizazi yuko kwenye hatari zaidi. Baada ya kila joto, yaani kipindi cha kutaka dume, homoni zake huufanya mwili usiisikie insulini. Popi alitoka kwenye joto Novemba. Daktari alisema akishatulia kidogo atolewe kizazi, maana bila hivyo tutakuwa tunakimbizana na sukari kila baada ya miezi michache.

Gharama: kumwona daktari na vipimo 55,000. Mashine ya kupimia sukari na vijiti vyake 105,000. Kuanzia hapo insulini, mabomba ya sindano na vijiti ni kama 62,000 kila mwezi.

3 Februari: Bomba la sindano lisilo lake

Hili nalieleza kwa urefu kwa sababu nusura limuue.

Insulini tuliyoandikiwa ni ya binadamu, ile ya ukungu inayobingirishwa polepole viganjani kabla ya kuvutwa. Ina uniti 100 kwa kila mililita. Popi alianza na uniti 4 asubuhi na 4 jioni, baada ya kula. Mabomba ya kwanza yalikuwa na kifuniko cha rangi ya chungwa. Yalipoisha nilikwenda duka la dawa la karibu nikapewa mengine, kifuniko chekundu. Nikadhani ni kampuni tofauti tu. Saa moja asubuhi nikavuta mpaka mstari wa 4, kama kawaida.

Saa nne nilikuwa napima mkono wa gauni, nikasikia kitu kinagonga mguu wa cherehani. Popi alikuwa anatetemeka miguu ya nyuma, anapepesuka kama mlevi, kisha akaangukia kwenye vipande vya kitenge. Nilimpaka asali kwenye fizi kwa kidole, mama akamshika kichwa. Mashine ilisoma 2.1. Baada ya robo saa akainua kichwa, tukampa chakula kidogo, tukakodi bajaji kwenda kwa daktari. Huko aliwekewa dripu ya glukosi, 30,000.

Daktari aliomba kuliona bomba. Pembeni, kwa herufi ndogo: U-40. Bomba hilo limepimwa kwa insulini ya uniti 40 kwa mililita. Ukilitumia kwa insulini ya uniti 100, mstari wa 4 unabeba uniti 10. Nilikuwa nimempa mara mbili na nusu ya dozi yake.

Nilichofanya: nimekata kipande cha boksi la mabomba sahihi nikakishonea kwenye mfuko wa pochi yangu. Nikienda dukani naonyesha kipande hicho, naomba yanayofanana nacho, na nasoma U-100 kwa macho yangu kabla ya kulipa. Na kijiko cha asali kinakaa juu ya friji, hakihamishwi.

10 Machi: Ukungu ambao tuliuita uzee

Macho yalianza kuwa na ukungu wa bluu hafifu. Nilisema ni uzee, miaka 9 si michache. Na kweli mbwa wengi wakishapita miaka 7 lenzi hushikamana katikati na kuonekana ya kijivujivu, lakini wanaendelea kuona vizuri.

Daktari alinionyesha namna ya kutofautisha, na mtu yeyote anaweza kuijaribu nyumbani. Unazima taa, unasimama umbali wa mkono mmoja, unammulika na tochi ya simu ukiishikilia karibu na jicho lako mwenyewe. Kama ni uzee tu, ule mng'ao wa kijani unaouona kwenye macho ya mbwa usiku unarudi wote. Kama ni mtoto wa jicho, mng'ao unakatika, kuna kivuli kinauziba. Kwa Popi ulirudi ukingoni tu. Katikati palikuwa na giza lenye mabaka.

Jaribio la pili nilibuni mwenyewe. Nikadondosha kipande cha satini mbele yake. Satini haina sauti wala haipepei hewa usoni. Kwa jicho la kushoto alikifuata mpaka chini. Nilipolifunika la kushoto kwa kiganja, hakujua kama kuna kitu kimepita.

Daktari alinifafanulia kinachotokea. Lenzi haina mishipa ya damu, inakula sukari iliyo kwenye maji ya jicho. Sukari ikizidi, kimeng'enya kimoja kinaigeuza kuwa sorbitoli, na sorbitoli haitoki ndani ya lenzi. Inavuta maji. Nyuzi za lenzi zinavimba na kupasuka. (Paka mzima hana kimeng'enya hicho kwa wingi, ndiyo maana paka wenye kisukari hawapofuki kwa njia hii.) Mbwa wengi wa kisukari hupata mtoto wa jicho ndani ya mwaka mmoja hivi, hata sukari ikisimamiwa.

Akaniandikia matone ya diklofenaki, moja kila jicho mara tatu kwa siku. Kumwona daktari na dawa, 25,000.

31 Machi: Pasaka

Wiki tatu tu. Popi aliingia jikoni akaugonga mguu wa meza ambayo imekaa palepale miaka sita. Nilimtoa nje kwenye jua nikamshika kidevu. Macho yote mawili meupe kama tui. Ukisogea karibu unaona mistari mitatu inakutana katikati, kama pale ninapounganisha pande tatu za kitambaa na mshono ukaachia. Daktari alisema ndiyo sura ya mtoto wa jicho wa kisukari: maji yanaingia pale nyuzi zinapokutana.

Akasema pia: "Kama mnafikiria upasuaji, msikae sana." Sentensi hiyo nimeirudia kichwani mara nyingi. Mimi nilielewa miezi, yeye alimaanisha wiki.

Tarehe 12 Aprili Popi alitolewa kizazi, 150,000. Alipona vizuri, na baada ya siku kumi sukari ilishuka yenyewe kutoka 19 hadi 12 kwa dozi ileile. Ningelifanya hili mwezi wa kwanza ningeokoa mengi.

28 Aprili: Matone ya kuyeyusha

Nimeweka tarehe hii kwa sababu ya kosa.

Nilikuwa nampaka diklofenaki kwa uaminifu, naangalia kila asubuhi kama weupe umepungua. Haukupungua. Chupa ilipoisha nikasema dawa haisaidii, nikaiacha. Mteja wangu mmoja akaniambia kuna matone yanayoyeyusha mtoto wa jicho bila kisu, yanaagizwa kwa simu. Nikanunua chupa mbili kwa 90,000, nikazitumia wiki nne mpaka zikaisha. Weupe ukabaki vilevile.

Sikuwa nimeuliza diklofenaki ilikuwa ya kazi gani. Haikuwa ya weupe. Lenzi inayooza huvujisha protini zake ndani ya jicho, na mwili, ambao haujawahi kuziona protini hizo, unazipiga vita. Jicho linawaka kwa ndani. Diklofenaki ilikuwa inazima moto huo. Mimi niliacha maji ya kuzimia moto nikanunua maji ya rangi. Hakuna tone lolote lililothibitishwa kumwondoa mtoto wa jicho kwa mbwa. Kinachomwondoa ni upasuaji, basi.

26 Mei: Jicho jekundu

Kwa nini tulikuwa tunasubiri upasuaji? Kulikuwa na sababu mbili, na wakati ule zote zilionekana za busara.

Ya kwanza ni kikoba. Kikoba chetu kinavunjwa Juni, na hisa zangu zilikuwa 3,100,000. Nilitaka nifike kwa daktari wa macho na pesa mkononi.

Ya pili ni mama. Mama alitolewa mtoto wa jicho miaka mitano iliyopita. Zamani sana, alipoanza kuona ukungu, aliambiwa asubiri mtoto wa jicho akomae ndipo atolewe. Akasubiri, akakomaa, akatolewa asubuhi, kesho yake akarudi nyumbani na bandeji akiwa anasoma saa ya ukutani. Kwa hiyo nyumbani kwetu neno lilikuwa moja: mwache akomae. Kwa mbwa ushauri huo ni sumu. Mtoto wa jicho akikomaa ndipo anapovuja zaidi, na jicho la mbwa huwaka kwa ukali kuliko letu.

Jicho la kulia likawa jekundu. Popi akawa analifumba, analisugua kwa mguu wa mbele, anageuza kichwa ukimgusa upande huo. Jumapili daktari hakupatikana, nikachukua matone ya jicho jekundu duka la dawa. Yalikuwa na steroidi, dawa inayopandisha sukari. Siku tatu wekundu ulipungua, nikafurahi, huku sukari inapanda: 16, 21, 27. Daktari aliyazuia mara moja, akamrudisha kwenye diklofenaki, akaandika barua ya kwenda Nairobi kwa mwenzake anayeshughulika na macho ya wanyama.

Wengine waliniuliza kwa nini nisiende Moshi tu, hospitali ya KCMC, ambako idara ya macho ina sifa. Hata kama wangekubali mbwa mlangoni, lenzi ya bandia ya mbwa si ya mtu. Ya mbwa ina nguvu ya dayopta 41, ya binadamu mara nyingi ni karibu nusu ya hapo. Na mbwa lazima alazwe usingizi kabisa.

15 Juni: Nairobi

Safari yenyewe haina mengi: chanjo ya kichaa cha mbwa na cheti cha afya 75,000, gari la kukodi kwenda na kurudi 480,000, mpaka wa Namanga saa mbili asubuhi, usiku mmoja Nairobi 90,000. Chukua friji ndogo ya barafu kwa ajili ya insulini, lakini chupa isigusane na barafu, ikiganda haifai tena.

Vipimo vilichukua saa tatu na viligharimu shilingi 22,000 za Kenya, karibu 440,000 za kwetu. Naviandika vyote, kwa sababu vipimo hivi ndivyo vilivyoamua, weupe haukuamua chochote.

Machozi: kipande cha karatasi kinawekwa ndani ya kope dakika moja, unasoma kimelowa milimita ngapi. Inatakiwa 15 au zaidi. Popi 8. Kisukari hukausha macho pia, na jicho kavu linapona vibaya.

Presha ya jicho, kwa kalamu inayogusa kioo cha jicho mara moja: kushoto 7, kulia 46. Ya kawaida ni kati ya 10 na 25 hivi. Kushoto iko chini kwa sababu ya moto wa ndani. Kulia moto umekwishaziba njia ya maji kutoka, presha imepanda.

Altrasaundi: kulia, retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, imebanduka. Niliiona kwenye skrini, uzi mweupe unaelea kama mabawa ya kipepeo mahali ambapo panatakiwa pawe na ukuta laini.

Umeme wa retina: wanammulika na mashine inachora mawimbi. Kulia mstari ulionyooka. Kushoto mawimbi yapo, mafupi kuliko inavyotakiwa.

Daktari wa macho wa Nairobi, mwanamke, aliniketisha akanieleza bila haraka. Jicho la kulia halitaona tena, upasuaji wa lenzi huko ni kutupa pesa. La kushoto lina nafasi, lakini si ile nafasi ya mbwa aliyewahiwa. Mbwa anayefaa, akipasuliwa mapema na moto umezimwa, karibu 9 kati ya 10 huona. Popi yuko chini ya hapo, na hakutaka kunipa namba ambayo hana uhakika nayo. Hatua zingekuwa hizi: wiki sita za dawa kwanza, kurudi kupimwa, kisha upasuaji kwa shilingi 170,000 za Kenya, yaani 3,400,000. Baada ya hapo kukaa Nairobi wiki mbili, kola ya shingoni, matone ya aina nne mpaka mara sita kwa siku, kisha kupungua taratibu kwa miezi. Na kurudi kupimwa presha maisha yake yote.

Nikamuuliza: "Dokta, nisipompasua?"

Akasema: "Usipompasua bado unamtibu. Lile la kushoto litahitaji matone kila siku mpaka mwisho wake, au litakuwa kama la kulia."

Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo, au niliambiwa sikusikia. Nilidhani ukikataa upasuaji umemaliza, mbwa anakuwa kipofu tu na maisha yanaendelea.

14 Julai: Uamuzi

Tuliongea mwezi mzima. Nitataja yaliyokuwa na uzito.

Pesa: zilizobaki kwenye fungu la kikoba zilikuwa kama 2,000,000. Upasuaji, malazi na safari za kurudi ungekaribia 5,000,000. Ningeweza kukopa. Jirani aliyesema "mbwa tu huyo" sikumjibu, kwa sababu hakuwepo miaka yote ambayo Popi amelinda nyumba hii ya wanawake wawili na mtoto.

Sukari: wiki hizo ilikuwa inacheza kati ya 9 na 18. Haijatulia.

Mikono: matone mara sita ni mama angeyaweka nikiwa na wateja, na mikono yake inatetemeka. Nilimuuliza kama ataweza. Alikaa kimya, akasema: "Mimi niliambiwa usiliguse jicho, sikuligusa. Niliambiwa lala chali, nililala chali. Huyu utamwambia nini?"

Na lililonizidi nguvu ni hili. La kushoto ndilo jicho pekee lililobaki. Upasuaji ukienda vibaya, presha ikapanda, Popi angekuwa na macho mawili yanayouma. Kipofu asiyeumwa anaweza kuishi vizuri. Anayeumwa hawezi, hata kama anaona.

Tukaamua: hapasuliwi. Kushoto, diklofenaki mara mbili kwa siku na machozi ya bandia mara nne, presha ipimwe kila miezi mitatu. Nilimpigia daktari wa Nairobi, akaupokea uamuzi bila kutulaumu. Usiku ule nililia. Mwezi wa tatu, kwa jicho lilelile, ningejibu tofauti.

17 Agosti: Upasuaji ambao hatukuupanga

Jicho la kulia lilipewa matone ya presha wiki nane. Presha ilishuka hadi 33, ikagoma hapo. Popi alikuwa analala mchana kutwa na kichwa amekiegemeza ukutani. Nilidhani ni huzuni ya upofu. Daktari wetu wa Arusha akasema hapana, ni maumivu ya kichwa, kama ya mtu mwenye presha ya macho, na jicho ambalo haliwezi kuona wala kupona linatakiwa kutoka.

Neno "kung'oa jicho" lilinitisha kuliko yote niliyoyasikia mwaka huu. Mwanangu alikataa kabisa kulisikia. Tulilifanya Jumamosi, 290,000. Asubuhi hiyo alipewa nusu ya insulini kwa sababu hajala, na sukari ilipimwa kila nusu saa akiwa usingizini. Ngozi ilishonwa kwa mshono mzuri, nausema kama fundi, umbali sawa kila tundu.

Kosa la hapa ni dogo: kola ya plastiki ilimchuna shingo na alikuwa anaipiga kwenye kila mlango. Siku ya tatu nilimshonea nyingine ya kitambaa cha jinzi na sponji ya godoro ya inchi moja, kama donati kubwa. Akalala nayo.

Siku ya nane alitoka chini ya meza, akanusa mpaka mlangoni, akachukua ndala ya mama mdomoni akaondoka nayo uani. Hakuwa ameibeba ndala tangu Aprili. Mama alimwita kwa hasira ya uongo, na yeye akatikisa mkia, ndala mdomoni. Miezi yote ile tuliyoiita upofu, alikuwa anaumwa.

20 Oktoba: Nyumba

Pete ya kichwa ndiyo iliyonichukua muda. Wazo ni duara linalotangulia pua ili ligonge ukuta kabla ya uso. Ya kwanza niliikunja kwa mpira wa kumwagilia maji. Ilikuwa nzito, inamvuta shingo chini, na ikampiga kwapani mpaka pakawa pekundu. Ya pili nikatumia ile pete nyepesi ya plastiki inayowekwa ndani ya gauni la harusi ili litanuke, nikaishonea kwenye kizibao cha jinzi chenye mkanda wa tumboni. Pete ikae vidole vinne mbele ya pua na usawa wa macho. Aliikataa siku mbili, ya tatu akawa anaitumia kama fimbo. Baada ya wiki tatu alikuwa ameshaijua nyumba yote, sasa anaivaa akitoka nje ya geti tu.

Mikeka ya katani mwanzo na mwisho wa ngazi: akikanyaga ule ukwaru anajua. Paka amefungwa kengele. Vyombo vya chakula na maji havihami, na wageni wanaambiwa wasisogeze viti. Tunasema "ngazi" na "pole" kwa sauti ileile kila siku. Lililoshindikana ni kamba niliyofunga kutoka mlangoni mpaka mparachichini nikidhani ataifuata, kumbe alikuwa anafuata ukuta na harufu yake mwenyewe. Nikaifungua nikaanikia nguo. Vyote 23,000.

15 Desemba: Hesabu na hali

Tangu Januari: vipimo vya kwanza na mashine 160,000. Insulini, mabomba na vijiti miezi 11, 682,000. Ile dharura ya Februari 30,000. Macho Machi 25,000. Matone ya kuyeyusha 90,000, pesa iliyopotea yote. Kizazi 150,000. Nairobi jumla 1,085,000. Kutoa jicho 290,000. Matone tangu Juni 140,000. Nyumba 23,000. Jumla 2,675,000.

Anayeanza leo na mbwa wa kisukari, ushauri wangu ni kumpeleka akapimwe macho wiki ileile unayoambiwa ana sukari, kabla hata ya ukungu. Matone ya kuzuia moto yasikatike hata siku moja wakati unatafuta pesa au unafikiria. Na ukiwa na uwezo wa upasuaji, uwe umeshapiga simu kabla jicho halijawa jekundu. Sisi tulikuwa na pesa pungufu, lakini kilichotunyima nafasi ni ile miezi miwili kati ya Pasaka na kikoba.

Popi ana kilo 16.3. Sukari ya asubuhi wiki hii: 9, 11, 8, 10. Presha ya jicho la kushoto ilipimwa jana, 12. Weupe uko palepale. Sasa hivi yuko chini ya meza, kichwa juu ya pedali ya cherehani, na ninamsubiri aamke ndipo niendelee kushona. Kipimo kijacho ni Machi, nitaongeza hapa.